Watoto Hawana Spea: Safari ya Kusoma Vibao, Mwanza hadi Ukerewe

Nimerudi Dodoma na simu iliyojaa picha za vibao. Wengi huenda Kanda ya Ziwa kwa ajili ya wanyama au samaki. Mimi nilikwenda kusoma kuta, mbao, mabati na mawe. Nina mapenzi hayo tangu ujana. Mtu akichukua brashi akawaandikia wapita njia jambo linalomkera au linalomtisha, mimi nitasimama nisome hadi mwisho. Na mwambao wa Ziwa Victoria una watu wanaojua kuandika. Haya nimeyapanga upya kutoka kwenye daftari na picha. Bei ni zile nilizolipa mwezi wa nane.

Jumatano: Mwanza mjini

Basi lilitushusha Nyegezi usiku sana. Njiani hakuna la kusimulia, nililala.

Asubuhi nikapanda daladala hadi Mabatini. Anayeijua Mwanza anajua nyumba zake zinavyoning'inia juu ya mawe, ukuta wa mmoja ukiwa msingi wa mwingine. Jiwe huku ni mali. Ni uzio, ni kivuli, na likipasuliwa ni kokoto za kuuza. Ndiyo maana kwenye jabali moja lenye ukubwa wa nyumba mtu ameandika kwa rangi nyeupe: JIWE HILI LINA MWENYEWE. Nilicheka, kisha nikamuuliza mama aliyekuwa anagonga kokoto chini yake.

"Shikamoo mama. Mwenye jiwe yuko wapi?"

"Marahaba baba. Yuko Geita. Lakini mdogo wake anapita hapa kila jioni kulihesabu."

Kulihesabu! Jiwe moja. Mama alisema hivyo bila kutabasamu, na nikaelewa kwamba kibao kile kimeandikwa kwa ajili ya watu wa mtaa ule tu, wenye nyundo, ambao wameshaanza kulitamani.

Kutoka hapo nikaenda Mwaloni, Kirumba, soko la dagaa na samaki wakavu. Kama hujawahi kufika, jiandae kwa harufu: kuna dagaa kwa magunia, furu waliokaushwa, na kayabo, yaani sangara wa chumvi anayesafirishwa hadi Kongo. Kwenye meza moja ya kayabo palikuwa na kipande cha boksi: HAINUSWI, INANUNULIWA. Mwenye meza, kijana mpole, aliniambia wanawake wa mjini walikuwa wanainua kila samaki, wananusa, wanakunja uso, wanaondoka. Tangu aandike hivyo wananunua huku wanacheka. Meza ya tatu kutoka pale, maandishi mafupi zaidi: MABONDO PICHA HAPANA. Bondo, yaani mfuko wa hewa ulio tumboni mwa sangara, lina bei kubwa kuliko nyama yake, na mwenye nalo hataki lionekane mitandaoni. Simu nikaitia mfukoni.

Mchana nilikula sato wa kukaanga na ugali, 8,000, kisha nikampata niliyekuwa namtafuta kuliko wote, yaani fundi wa maandishi. Ni mzee, amekaa chini ya mwembe karibu na barabara ya Makongoro, ana makopo ya rangi ya mafuta na brashi alizozipunguza nywele kwa wembe. Nilikaa naye karibu saa 2. Kabla ya kuandika hukaza uzi aliousugua chaki kutoka ukingo hadi ukingo wa ubao, akauvuta kwa vidole viwili na kuuachia. Uzi unapiga, na mstari mweupe mwembamba unabaki. Hufanya hivyo mara mbili, juu na chini, na herufi zake zinakaa katikati bila hata moja kuteleza.

Nilimwuliza kuhusu kibao nilichokiona kona ya jirani: KIWANJA HIKI HAKIUZWI. ANAYEKUUZIA SI MIMI.

"Hicho changu," akasema. "Yule bwana alikuja na maneno mengi, mwanangu. 'Kiwanja hiki si cha kuuza, mtu yeyote anayejitambulisha kama mmiliki ni tapeli, toa taarifa kituo cha polisi.' Mimi natoza 500 kwa herufi. Nikamhesabia, herufi 90, elfu arobaini na tano. Akakaa kimya. Akasema, basi andika hakiuzwi, na anayekuuzia si mimi. Herufi 36. Akalipa elfu kumi na nane akaondoka."

Nilijihisabia mwenyewe jioni ile gesti, na mzee yuko sahihi hadi herufi ya mwisho. Tangu hapo kila kibao nilichokutana nacho nilikisoma kwa hesabu hiyo. Maneno mengi tunayoyaona ya ajabu barabarani ni maneno yaliyobanwa na mfuko wa mtu na urefu wa ubao, na yaliyobaki ni yale ambayo hakuwa tayari kuyaacha. Nayaona ni maandishi mazuri kuliko mengi yanayochapishwa kwa mashine.

*Kwa atakayekuja:* gesti safi Kirumba nilipata kwa 25,000. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha kibao cha mtu, hata kama kiko barabarani. Kinachochekesha kwako huenda ni kesi ya urithi kwake. Nyumba moja ya Mabatini imeandikwa HAIUZWI HATA KAMA MAMA AMESEMA, na hapo sikugonga mlango.

Alhamisi: Igoma, Magu, Lamadi, Bunda

Nilianzia Igoma, kwenye makaburi ya waliokufa katika ajali ya MV Bukoba, 21 Mei 1996. Huenda utashangaa safari ya vibao vya kuchekesha inapitia hapo. Nilitaka kupita. Meli ile iliidhinishwa kuchukua abiria 430, na siku ile ilibeba watu wengi kupita idadi hiyo. Idadi ya abiria nayo ni tangazo, fupi kuliko yote. Nilisimama nikasoma majina, kisha nikatafuta basi la Bunda. Nauli 9,000.

Kuanzia Kisesa macho yangu hayakutoka dirishani. Barabara ya kwenda Musoma ina nyumba nyingi zenye alama ya X, yaani ya kubomolewa. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara, kwa hiyo watu waliolala nje ya hifadhi waliamka wakiwa ndani yake. Pembeni ya X moja, kwa mkaa, mwenye nyumba ameandika: NILIKUWEPO KABLA YA BARABARA. Mbele kidogo, kwenye kibanda cha mabati chenye X kubwa mlangoni, mwingine ameandika tu: NIMEIONA. Mwandiko wa wa kwanza unatetemeka, ni wa mtu mzima. Natamani kila anayepaka X apewe nafasi ya kusoma majibu.

Kabla ya Magu tairi la nyuma lilipasuka na tukakaa pembeni zaidi ya saa moja. Mama aliyeketi jirani yangu alifungua kitenge akatoa matobolwa na karanga, akanimegea bila kuniuliza kama nina njaa. Kwa wasiojua, matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa juani. Utafune taratibu, utamu unakuja baadaye. Michembe ni viazi hivyohivyo vikianikwa vibichi. Nilipotaka kumpa hela ya soda alikataa. "Wewe ni mgeni, baba. Utanipa ukirudi."

Kusimama kule kulikuwa na faida yake. Hatua chache kutoka tulipokwama kuna shule ya msingi, na kwenye mti wa mbele wamepigilia bati la duara lililokuwa kifuniko cha pipa:

PUNGUZA MWENDO
WATOTO HAWANA SPEA

Nimeona vibao vingi vya shule, vile vya pembetatu vyenye watoto wawili wanaokimbia, na madereva wanavipita kama miti. Lakini dereva wetu, mtu aliyekuwa amelala chini ya basi mikono ikiwa na grisi, anahangaika na spea isiyokaa vizuri, alipotoka akalisoma lile bati, akarudia kwa sauti, akamwonyesha konda. Tulipoondoka alipita mbele ya shule polepole mno. Maneno yale yalikuwa lugha yake. Mwalimu aliyeyatunga alijua nani anapita barabara ile na kitu gani kinamuuma.

Ndani ya basi kulikuwa na stika iliyofifia inayowataka abiria watoe taarifa dereva akikimbiza gari. Iliniletea kumbukumbu ya utafiti uliofanywa Kenya na James Habyarimana na William Jack. Walibandika stika ndani ya matatu, zikiwaambia abiria wamkemee dereva anayeendesha vibaya, na katika matokeo waliyochapisha 2011 madai ya bima kwenye matatu hizo yalipungua kati ya nusu na theluthi mbili. Stika tu! Ukiwa umekaa pembeni ya barabara karibu na tairi lililopasuka, habari hiyo unaiona kwa uzito wake.

Lamadi tulisimama dakika chache. Baada ya hapo barabara inakaribiana na hifadhi ya Serengeti upande wa lango la Ndabaka, na tembo huvuka hadi mashambani. Mkulima mmoja ameweka ubao kwenye njia ya kuingia shambani kwake: MCHANA NJIA YA WATU, USIKU YA TEMBO. Konda aliniambia hiyo ni ratiba ya kweli, na watu wa pale wanaifuata.

Bunda nilifika magharibi. Wali na maharage 3,000, kulala 20,000.

Ijumaa: Kisorya hadi Nansio

Gari dogo kutoka Bunda liliondoka lilipojaa, na kujaa kwake ni mpaka mlango ufungwe kwa bega. Pantoni ilikuwa imeondoka tulipofika Kisorya, panapovukiwa kwenda kisiwa cha Ukerewe. Nikapata zaidi ya saa 2 za kuzunguka kwenye vibanda.

Dukani pa soda: MKOPO AMESAFIRI, FUNGUO KAMWACHIA TASLIMU. Kibanda cha pili, cha mama mmoja anayeuza maandazi, kimeandikwa kwa mwandiko wa shule, mistari minne:

NIKIKUKOPESHA UTANINUNIA
NISIPOKUKOPESHA UTANINUNIA
NIMECHAGUA UNINUNIE
MAANDAZI YAKIWEPO

Nilimsomea kwa sauti. Akasema ameyaandika mwenyewe usiku mmoja baada ya jamaa wa karibu kuacha kumsalimia kwa sababu ya deni la 4,000. "Sasa wakija wanasoma kwanza, halafu tunasalimiana vizuri." Nilinunua maandazi matano kwa 1,000, akaniongeza la sita.

Penye kivuko pana tangazo rasmi, rangi nyeusi kwenye bati jeupe, linalosema abiria wote washuke, gari liingie na dereva tu. Ni kanuni ya maana: gari likiteleza majini, waliomo hawatoki kirahisi. Chini ya bati, kwa chaki, mtu ameongeza maneno mawili: NA MGONJWA.

Niliwauliza vijana wa pale nani aliyaandika. Hakuna anayejua, ila walisema mvua ikiyafuta yanarudi. Siku hiyohiyo nikaona maana yake. Taksi moja ilikuja na bibi aliyelala kiti cha nyuma, mwanawe amemshika kichwa. Mfanyakazi wa pantoni alisoma kibao, akasoma chaki, akafungua njia gari lipite na bibi ndani, kisha akatembea kando ya dirisha lake muda wote wa kuvuka, akiwa amelifungua kwa mkono wake mpaka chini. Sijui ni nani anayebeba chaki hiyo mfukoni, lakini ningependa kumshika mkono.

Kutoka Rugezi, upande wa pili wa maji, hadi Nansio ni mwendo mfupi wa gari. Gesti 20,000, na mbu wengi, usikubali chumba kisicho na chandarua.

Jumamosi: Bugolora na mwaloni

Bodaboda hadi Bugolora. Vumbi jekundu, mihogo imeanikwa juu ya mawe, watoto wanapunga mikono.

Kwenye mwalo mmoja wa njiani, yaani ufukwe wa kushushia samaki, kuna bango la vipimo: sangara asiyefikia sentimita 50 haruhusiwi, sato asiyefikia sentimita 25 haruhusiwi. Wavuvi wamechonga alama za vipimo hivyo kwenye ukingo wa meza ya kuuzia, mikato miwili ya panga, na wanalaza samaki hapo. Bango halisomwi tena, meza ndiyo inayosomwa.

Mwalo huohuo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko popote. Kuna kibao cha zamani kinachosema USIOGE HAPA KICHOCHO, na juu yake, juu ya herufi zenyewe, watoto wametundika mashati yao. Walikuwa ndani ya maji. Wanawake wanafua, vijana wanajaza madumu. Kichocho si hadithi kwenye ziwa hili: vimelea vinatoka kwa konokono wa majini, vinapenya ngozini bila maumivu, na mtu anakuja kukojoa damu au kuumwa tumbo na ini miaka mingi baadaye. Dawa ipo, prazikwanteli, na watoto hupewa shuleni, lakini wakirudi majini wanaambukizwa upya.

Mita kama 200 mbele kuna ghuba ndogo nzuri, maji meupe, mchanga, hakuna mtu. Hapo wavuvi wameegemeza ubao wa mtumbwi uliovunjika wameandika kwa lami:

MAMBA ALICHUKUA MBUZI HAPA
WEWE SI MBUZI

Hakuna mguu unaoingia. Nilimwuliza mvulana wa miaka kama kumi kwa nini anaoga kule na siyo huku. "Huku kuna mamba, babu." Na kule? "Kule kuna kibao tu."

Sentensi hiyo nimeibeba hadi nyumbani. Ningeweza kuwaomba wahusika wa afya jambo moja, lingekuwa hili: wampe kazi yule aliyeandika ubao wa mtumbwi. Ajue kusema kichocho kinaingia wapi, kinamfanya nini mtoto wa nani, na maji salama yako wapi, kwa maneno ambayo mama wa pale angeyasema mwenyewe. Watoto wale wana haki ya kuonywa kwa lugha inayowafikia.

Bugolora ndiko vivuko vya kwenda kisiwa cha Ukara vinakoondokea. MV Nyerere iliondoka hapa 20 Septemba 2018 na kupinduka ikikaribia Bwisya, upande wa Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walikuwa 228. Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu alinyoosha kidole kuelekea Ukara bila mimi kuuliza, akasema siku ile ilikuwa ya gulio, kila mtu alikuwa na mzigo. Nikamwambia pole. Akasema, "Tumeshapoa, ila sasa tunahesabu." Pale ufukweni kuna boti ya mbao ya abiria, na ubavuni nahodha wake ameandika MWISHO WATU 20, NA MIMI NDANI. Nilimwona akimkataa mtu wa ishirini na moja, mwanamume mwenye suti, akimwonyesha maandishi kwa kidole. Mwenye suti alisoma, akarudi nyuma, akasubiri boti nyingine.

*Kwa atakayekuja:* kabla ya kupanda boti yoyote tafuta idadi ilipoandikwa, kisha hesabu vichwa. Vaa boya hata kama wenyeji hawajavaa. Ukilivaa wewe, wawili watatu watafuata.

Jumapili: kurudi Mwanza

Meli ya asubuhi kutoka Nansio, zaidi ya saa 3, ziwa tulivu, ndizi na chai ya maziwa.

Jumatatu: Kigongo na Busisi

Sikutaka kuondoka bila kuliona Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, lililozinduliwa 19 Juni 2025. Kabla yake magari ya kwenda Sengerema na Geita yalipanga foleni Kigongo kusubiri pantoni, pengine saa nzima, pengine mbili, na wagonjwa walisubiri humohumo. Sasa ni dakika chache tu. Nilivuka kwenda na kurudi kwa furaha ya wazi.

Lakini vibao vya foleni bado vipo. Barabara ya zamani ya kivukoni imejaa matangazo yanayoongea na watu wasiokuja tena: VOCHA KABLA HUJAVUKA, na CHOO CHA MWISHO HADI BUSISI. Mama lishe mmoja amebaki. Juu ya kibanda chake pameandikwa CHAI YAKO ITAIVA KABLA YA PANTONI. Nilikuwa mteja pekee. Chai 500, chapati mbili 1,000.

"Daraja zuri, mwanangu," akasema. "Dada yangu alijifungulia kwenye foleni hapa, kwa hiyo silisemi vibaya. Ila magari hayasimami."

Alikuwa anahama wiki ile kwenda kando ya barabara mpya, na ubao alikuwa ameshaupata, mlango wa kabati la zamani. Akaniuliza aandike nini ili madereva wakanyage breki. Mimi na kijana wa bodaboda tulipendekeza mengi, supu, sato, bei rahisi. Alitusikiliza huku anageuza chapati, kisha akasema ameshaamua:

PANTONI IMEKWISHA, CHAI HAIJAISHA

Rangi anayo, imebaki ya kupaka mlango. Alisema ataandika jioni ileile, watoto wakitoka shule wamshikie ubao.

*Kwa atakayekuja:* daladala za Usagara zinakufikisha njiani kuelekea Kigongo, na bodaboda za kumalizia zipo. Mwambie konda mapema kwamba unashuka kabla ya daraja, maana akishaanza kulipanda utajikuta Busisi. Kibanda cha mama kitakuwa mkono wa kushoto ukitokea Mwanza, na chapati zake huisha kabla ya saa nne asubuhi.